Ugonjwa wa Fizi Uliokomaa: Nusu ya Tiba Ipo Nyumbani, Nusu Nyingine Ipo Kituoni

Mkazi wa Visiga, mkoani Pwani, anayeacha kutafuna mahindi ya kuchoma kwa sababu meno yake ya mbele yanacheza, mara nyingi huamini kuwa amebakiwa na njia mbili tu: kung'olewa meno hayo au kupasuliwa fizi. Kwa kuziogopa zote mbili, hubaki nyumbani akisukutua kwa maji ya chumvi, akinunua vidonge dukani na kusubiri. Miezi hupita, na jino ambalo lingeweza kuokolewa hufikia hatua ya kutoka lenyewe.

Ipo njia ya tatu, na ndiyo inayoanza kutumika kwa karibu kila mgonjwa wa fizi, hata yule ambaye ugonjwa wake umekwisha kukomaa. Njia hiyo haihitaji kisu. Mtaalamu wa afya ya kinywa na meno husafisha meno pamoja na mizizi yake chini ya fizi, kisha mgonjwa mwenyewe huendeleza usafi wa kila siku nyumbani kwa maisha yake yote. Sehemu hizo mbili hutegemeana. Usafi wa nyumbani peke yake hauwezi kuponya ugonjwa uliokomaa, na kazi ya mtaalamu haiwezi kudumu ikiwa mgonjwa hatatimiza wajibu wake nyumbani.

Ugonjwa unavyoanza na unavyokomaa

Kila siku utando laini wenye bakteria hujijenga juu ya meno, hasa pale jino linapokutana na fizi na katika nafasi zilizo kati ya jino na jino. Utando huo usipoondolewa hufyonza madini yaliyomo katika mate na kuwa mgumu kama jiwe. Huo ndio ugaga. Utando laini huondoka kwa mswaki, lakini ugaga ukishaganda hauondoki kwa mswaki wa aina yoyote wala kwa dawa ya meno ya bei yoyote. Huondolewa kwa vifaa maalumu vya kitaalamu.

Fizi zinazogusana na utando huo huvimba, huwa nyekundu na hutoa damu wakati wa kupiga mswaki. Hatua hii ya mwanzo hupona kabisa. Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha watu 12 wenye fizi zenye afya, ambao waliacha kusafisha meno kwa makusudi. Wote walipata uvimbe wa fizi ndani ya siku 10 hadi 21. Waliporejea kusafisha meno, fizi zao zilipona kwa muda wa takribani wiki moja. Jaribio hilo lilithibitisha kuwa chanzo cha uvimbe wa fizi ni utando wa bakteria, na kwamba dawa yake ya kwanza ni kuuondoa.

Kwa baadhi ya watu ugonjwa hauishii kwenye uvimbe. Hushuka chini zaidi, ukaharibu nyuzi zinazolishika jino na mfupa wa taya unaolizunguka. Fizi huachana na jino, na katikati hubaki nafasi inayoitwa mfuko. Katika fizi yenye afya, nafasi hiyo huwa na kina cha milimita 1 hadi 3. Ikifika milimita 4 au zaidi na ikatoa damu inapopimwa, hiyo ni dalili ya ugonjwa. Ikifika milimita 6, mfuko huhesabiwa kuwa wa kina kirefu. Nywele za mswaki haziwezi kufika chini ya mfuko wa namna hiyo, na hapo ndipo usafi wa nyumbani unapofikia mwisho wa uwezo wake.

Utaratibu wa kimataifa wa kuainisha ugonjwa huu, uliochapishwa mwaka 2018, unaugawa katika hatua nne. Hatua ya tatu na ya nne ndizo zinazohesabiwa kuwa ugonjwa uliokomaa. Katika hatua hizo jino limepoteza milimita 5 au zaidi za mshiko wake, na katika hatua ya nne kutafuna kwenyewe huwa kumeharibika kwa sababu meno yamelegea, yamehama au yamepungua. Mfupa uliopotea kwa kawaida haurudi wenyewe. Kwa sababu hiyo lengo la tiba ni kusimamisha upotevu na kulinda mfupa uliobaki. Jino lililobakiwa na nusu ya mfupa wake linaweza kutumika kwa miaka mingi ikiwa ugonjwa umedhibitiwa.

Jambo linalowaponza wengi ni kwamba ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Dalili zake ni damu wakati wa kupiga mswaki, harufu mbaya ya kinywa isiyokoma, fizi kushuka na meno kuonekana marefu, nafasi mpya kati ya meno, usaha, na meno kucheza. Mtu anayesubiri maumivu ndipo aende hospitali anaweza kuchelewa kwa miaka.

Si kila mwenye ugaga yumo katika hatari sawa

Tanzania imechangia kwa kiasi kikubwa katika kuuelewa ugonjwa huu. Mwaka 1986 watafiti Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Thorkild Karring walichapisha utafiti waliofanya kwa watu wazima wa Tanzania. Waliwakuta watu wengi wakiwa na utando na ugaga mwingi, lakini mifuko ya kina kirefu haikuwa imeenea kwa kiwango kilichotarajiwa. Sehemu kubwa ya uharibifu mkubwa ilikuwa imejikusanya kwa watu wachache.

Mwaka huohuo Löe na wenzake walitoa matokeo ya utafiti mwingine, uliowafuatilia wanaume 480 waliofanya kazi katika mashamba ya chai nchini Sri Lanka, ambao hawakuwa na mazoea ya kusafisha meno wala huduma ya matibabu ya meno. Takribani asilimia 8 ugonjwa ulienda kwa kasi, asilimia 81 ulienda kwa kasi ya wastani, na asilimia 11 haukuvuka uvimbe wa fizi.

Fundisho la tafiti hizo mbili kwa mwananchi wa kawaida ni kwamba haifai kujilinganisha na jirani. Jirani anaweza kuwa na ugaga kwa miaka 30 bila kupoteza jino, na mwingine mwenye ugaga mdogo akapoteza meno kabla ya kufikia umri wa miaka 40. Hakuna anayeweza kujua kwa kujitazama kwenye kioo kama yumo katika kundi la wachache wanaoharibikiwa haraka. Hilo hujulikana kwa kupimwa kina cha fizi na, pale inapohitajika, kwa picha ya eksirei.

Tatizo lenyewe ni kubwa duniani. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya kinywa, iliyotolewa mwaka 2022, inakadiria kuwa zaidi ya watu bilioni moja wana ugonjwa mkali wa fizi.

Kinachofanyika kituoni

Katika ziara ya kwanza mtaalamu hupima kila jino kwa kifaa chembamba chenye alama za milimita, huangalia ni meno yapi yanacheza, na huuliza kuhusu kisukari, matumizi ya tumbaku, ujauzito na dawa anazotumia mgonjwa. Kisha huondoa ugaga ulio juu ya fizi, humfundisha mgonjwa namna ya kusafisha meno, na baadaye husafisha mizizi iliyo ndani ya mifuko. Kazi hiyo ya mwisho hufanyika kwa ganzi ikihitajika, na inaweza kugawanywa katika ziara mbili au zaidi.

Matokeo hayapimwi siku hiyohiyo. Fizi hupewa muda wa takribani miezi mitatu kupona, ndipo mifuko hupimwa upya. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionesha kuwa takribani robo tatu ya mifuko iliyosafishwa bila upasuaji ilikuwa imefunga ndani ya miezi sita hadi minane. Upasuaji hufikiriwa baada ya hapo, kwa mifuko iliyobaki na kina cha milimita 6 au zaidi, na kwa mgonjwa ambaye tayari anasafisha meno yake vizuri. Kumpasua mtu asiyesafisha meno ni kazi bure, kwa kuwa ugonjwa utarejea.

Yapo pia meno yasiyookoleka, yaliyopoteza mfupa karibu wote. Kuyang'oa hayo kunaweza kuwa uamuzi sahihi, mradi mgonjwa ameelezwa sababu na ameelezwa hatima ya meno yanayobaki.

Wananchi wengi huamini kuwa kusafishwa meno hospitalini hulegeza meno. Imani hiyo inatokana na jambo ambalo mgonjwa hulihisi kweli, ila hulitafsiri vibaya. Ugaga mwingi huweza kuyashikanisha meno yaliyokwisha kulegea. Ukiondolewa, ulegevu uliokuwepo hudhihirika. Uvimbe ukipungua, fizi hushuka, meno huonekana marefu, nafasi huonekana kati yake, na maji ya baridi huweza kusisimua kwa wiki kadhaa. Mabadiliko hayo yanaonesha kuwa uvimbe umepungua. Meno mengi yaliyokuwa yakicheza kidogo hukaza tena katika miezi inayofuata.

Wajibu wa mgonjwa nyumbani

Jambo la kwanza ni kupiga mswaki mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, kwa muda usiopungua dakika mbili kila mara. Mswaki uwe na nywele laini na kichwa kidogo. Nywele zake zielekezwe kwa mshazari kwenye mpaka wa jino na fizi, kisha mswaki usogezwe taratibu kwa mwendo mfupi, meno mawili au matatu kwa wakati mmoja, upande wa nje na wa ndani. Kusugua kwa nguvu hakuongezi usafi, bali hukwangua fizi na kuzishusha. Dawa ya meno iwe na madini ya floraidi, ambayo huilinda mizizi iliyo wazi isioze. Mswaki ubadilishwe kila baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi ikiwa nywele zake zimetawanyika.

Jambo la pili, ambalo wengi hawalifanyi, ni kusafisha kati ya meno mara moja kwa siku. Mswaki wa kawaida haufiki hapo, na hapo ndipo ugonjwa hukomaa zaidi. Kwa mtu ambaye fizi zake zimekwisha kushuka na kuacha nafasi, kifaa kinachofaa zaidi ni miswaki midogo ya katikati ya meno, ambayo hupatikana katika baadhi ya maduka ya dawa. Ukubwa wake huchaguliwa kwa msaada wa mtaalamu, kwa kuwa nafasi hazilingani. Palipobana hutumika uzi wa meno. Vijiti vya kuchokonolea visitumike kuchoma fizi.

Fizi zenye ugonjwa zitatoa damu katika siku za mwanzo. Mgonjwa hapaswi kuacha kusafisha kwa sababu hiyo. Damu hupungua kadiri uvimbe unavyopungua, na ikiendelea baada ya wiki mbili za usafi wa kweli, ni ishara kuwa pana ugaga au mfuko unaohitaji mkono wa mtaalamu.

Mswaki wa mti nao una nafasi yake. Shirika la Afya Duniani limehimiza matumizi yake tangu miaka ya 1980 katika jamii zenye mazoea hayo, na mti wenyewe uitwao mswaki unafahamika vyema katika ukanda wa Pwani. Ukitafunwa ncha yake hadi ikawa laini na kupitishwa kwenye kila jino, nje na ndani, huondoa utando vizuri. Upungufu wake ni kufikia upande wa ndani wa meno ya nyuma na kati ya meno. Anayeutumia ahakikishe sehemu hizo hazisahauliki, na aambatanishe na dawa ya meno yenye floraidi.

Kusukutua kwa maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja hutuliza fizi, hasa siku chache baada ya kusafishwa. Dawa za kusukutua zenye klorheksidini hupunguza bakteria, lakini hutumika kwa muda mfupi na kwa maelekezo ya mtaalamu, kwa kuwa zikitumika muda mrefu hubadili rangi ya meno na ladha ya chakula. Vyote viwili ni visaidizi. Hakuna maji ya kusukutua yanayoondoa ugaga.

Yasiyofaa kufanywa

Mkaa, mchanga na majivu hukwangua meno na mizizi iliyo wazi. Ndimu na siki hulainisha na kumomonyoa tabaka la nje la jino. Kujikwangua ugaga kwa sindano, wembe au kifaa cha chuma hujeruhi fizi na huacha ugaga ulio chini yake ukiendelea kula mfupa.

Hatari nyingine ni kununua viuavijasumu katika duka la dawa muhimu bila cheti cha daktari. Dawa hizo huweza kupunguza uvimbe na usaha kwa siku chache, mgonjwa akadhani amepona, huku utando na ugaga vikiwa palepale. Ugonjwa hurudi, na matumizi ya kurudiarudia hujenga usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Katika ugonjwa wa fizi, viuavijasumu huongezwa kwa wagonjwa maalumu tu, sambamba na kusafishwa, wala havichukui nafasi ya kusafishwa.

Wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi

Mwenye kisukari yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa mkali wa fizi, na ugonjwa wa fizi nao huvuruga udhibiti wa sukari mwilini. Uhusiano huo una faida yake, kwani tafiti zimeonesha kuwa kutibu fizi husaidia kushusha kiwango cha sukari. Anayehudhuria kliniki ya kisukari anapaswa kumweleza mhudumu wake kuhusu fizi zinazotoa damu.

Mvutaji wa tumbaku hudanganywa na fizi zake. Tumbaku hupunguza mtiririko wa damu kwenye fizi, hivyo fizi zinaweza zisitoe damu ilhali mfupa unaliwa. Wavutaji hupoteza mfupa haraka zaidi na hupona polepole zaidi baada ya tiba. Kuacha tumbaku, pamoja na ugoro, ni sehemu ya tiba yenyewe.

Mjamzito huweza kuvimba fizi kutokana na mabadiliko ya homoni. Kusafishwa meno wakati wa ujauzito ni salama, na hapaswi kusubiri hadi ajifungue. Watu wenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaoishi na virusi vya UKIMWI, nao wanashauriwa kupimwa mapema.

Dalili zisizosubiri

Uvimbe wa shavu au chini ya taya, homa, kushindwa kufungua kinywa, ugumu wa kumeza au kupumua ni dalili kuwa maambukizi yanasambaa. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana. Maji ya chumvi si tiba yake.

Pa kuanzia kwa mkazi wa Visiga

Visiga ipo kando ya barabara kuu ya Morogoro, kati ya Kibaha na Mlandizi. Mgonjwa anaweza kuanzia katika kituo cha kutolea huduma kilicho karibu naye ili kupata ushauri na rufaa. Kwa upande wa Kibaha ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani, Tumbi, ambayo chimbuko lake ni Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kama mradi wa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki. Wagonjwa wanaohitaji ubingwa zaidi hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Aidha, maadhimisho ya Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, yanayofanyika Machi 20 kila mwaka, huambatana na uchunguzi na elimu kwa wananchi katika maeneo mbalimbali nchini.

Kabla ya kukubali jino ling'olewe kwa sababu ya fizi, mwananchi ana haki ya kuuliza maswali manne: mfuko wa jino hili una kina cha milimita ngapi, je, linaweza kusafishwa kwanza na kupimwa tena baada ya miezi mitatu, gharama ni kiasi gani, na nirudi lini. Mwenye bima ya afya aulize pia kama kifurushi chake kinagharimia kusafishwa kwa meno.

Swali la mwisho ndilo linalosahaulika mara nyingi. Ugonjwa wa fizi uliokomaa hudhibitiwa kama kisukari au shinikizo la damu, wala hausahauliki baada ya ziara moja. Mgonjwa hurudi kusafishwa na kupimwa kila baada ya miezi mitatu hadi kumi na miwili, kulingana na hali yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mfupa wa taya ni ukuta ambao ukishabomoka haujengeki kwa urahisi. Mwananchi ambaye leo ameona damu kwenye mswaki wake anashauriwa kufanya mambo mawili: kusafisha kati ya meno yake usiku huuhuu, na kwenda kupimwa ndani ya wiki hii.